Acha Mbili za Kukua

4 Februari

Mdogo wangu Kifungo,

Salamu zitangulie, mengine yatafuata. Huku tu wazima, ukiacha mgongo wangu ambao kila nikiinamia tanuri la mikate unanikumbusha umri. Wewe hujambo? Wifi yangu hajambo? Na watoto wameacha kukohoa?

Umeniuliza mara tatu kwa nini siku hizi nikipokea simu yako sikupi Mama. Nitakuambia. Mara ya mwisho ulipoongea naye, simu ilipokatika alianza kukutafuta. Alikutafuta chini ya kitanda, ndani ya kabati la vitambaa, mpaka ndani ya pipa la maji. "Nimemsikia kwa masikio yangu," anasema, "amejificha huyu." Ilinichukua saa nzima kumtuliza. Kwa hiyo tuandikiane. Wewe ni msomi, barua hazikushindi.

Sasa lililo moyoni. Mama anasahau kwa kasi. Cherehani hajaisahau, anaikalia kila siku na kukanyaga pedeli bila uzi wala kitambaa, na futi yake ya kupimia haitoki shingoni. Lakini Jumatatu aliniita "mteja". Jumanne alitawadha mara nne ndani ya saa moja, kila mara akidhani ndiyo kwanza anaanza. Asubuhi nikiwa kazini anakaa naye Mama Mkaa, yule jirani yetu muuza mkaa, mwanakwaya. Yeye na Mama dini mbalimbali lakini umbea mmoja, na namshukuru sana.

Na sala, mdogo wangu. Maneno yanamponyoka. Anaanza vizuri, akifika katikati anasimama kimya kama mtu aliyetumwa dukani akasahau alichotumwa. Kisha anataja namba, moja baada ya nyingine. "Kifua thelathini na nne, kiuno ishirini na saba, urefu arobaini na nane." Mikono ameiinua, macho ameyafumba, anataja vipimo vya nguo. Mara nyingine machozi yanamtoka.

Sijui nifanye nini. Najua wewe ni imamu, lakini hapa simwandikii imamu, namwandikia mtoto wa Mama. Njoo umwone. Jina lako bado analo. Sina hakika atakuwa nalo mpaka lini.

Dada yako.


19 Februari

Dada yangu mpendwa,

Asalaam alaikum. Sisi hatujambo, tunamshukuru Mungu; kikohozi cha watoto kimekwisha, zimebaki kelele. Mgongo wako upe pole zangu. Ila tafadhali usiandike "Kifungo" juu ya bahasha. Aliyeniletea barua ni mwanafunzi wangu, na sasa darasa zima linajua kwamba imamu wao alimeza kifungo cha koti akiwa na miaka minne.

Habari za Mama zimenitia uchungu. Lakini dada, kutaja vipimo vya nguo ndani ya sala si jambo la kuachia hivihivi. Sala ina maneno yake, ina mpangilio wake, ina upande wa kuelekea. Mama mwenyewe ndiye aliyenifundisha, nimekaa chini ya meza ya cherehani, neno kwa neno, na nikikosea ananigonga kichwani kwa rula. Jana tu nimemfanya mzee mmoja muuza maji arudie sala nzima kwa ajili ya herufi moja aliyoitamka vibaya. Alinuna, lakini ni kwa faida yake. Sasa itakuwaje mama yangu mimi asali kwa inchi?

Nakutumia kadi niliyoiandika kwa herufi kubwa, maneno yote ya sala. Itundike ukutani mbele yake. Chora mstari wa chaki kwenye mswala wenyewe, ajue aweke wapi miguu na aelekee wapi. Simama naye. Akikosea mrudishe mwanzo, kwa upole, na atazoea.

Kuja kwa sasa ni vigumu. Tunajenga sehemu mpya ya msikiti na mafundi wa siku hizi unawajua, ukigeuza kisogo wamekunja mikono. Nikipata nafasi nitakuja.

Mdogo wako.


6 Machi

Mdogo wangu,

U hali gani? Ujenzi umefika wapi? Sisi tunapumua.

Nimefanya yote uliyoagiza na mambo yameharibika. Nitakusimulia kama yalivyokuwa, ucheke au ulie, shauri yako. Mimi nilifanya yote mawili.

Kadi niliitundika. Mama anaisoma vizuri sana, bila kukwama. Akifika mwisho ananigeukia na kuuliza, "Hii barua imetoka kwa nani?"

Kumrudisha mwanzo nako nilijaribu. Siku moja nilimrudisha mara sita. Mara ya saba alikaa chini, akanitazama kwa adabu, akaniambia, "Mwalimu, mimi sijui. Nipe kazi nyingine." Mama yetu huyo. Umewahi kumsikia Mama akisema hajui kitu? Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia, nikarudi nikampa chai.

Sasa mswala. Nilichora mstari wa chaki, mzuri, kama ulivyosema. Nikaenda jikoni kutoa sufuria motoni. Nikasikia kra, kra, kra. Kurudi, Mama amepiga magoti, mkasi wake mkubwa mkononi, anaukata mswala juu ya mstari wangu. Mpaka namfikia alikuwa amemaliza. Vipande viwili, na mkato umenyooka ajabu. Akainua uso akaniuliza, "Mwenyewe anakuja kuchukua saa ngapi?"

Kosa ni langu, na ni lako pia. Miaka hamsini mwanamke huyu akiona mstari wa chaki anajua kazi yake ni kukata. Tulifikiria kila kitu isipokuwa yeye ni nani.

Najua ni ule mswala uliomletea kutoka Hija. Nisamehe. Vipande nimevihifadhi. Lakini njoo, mdogo wangu. Kadi haitamfundisha kitu, na mimi siwezi kuwa mwalimu wa mama yangu.

Dada yako.


15 Machi

Dada,

Nimeipata barua yako. Mswala ule niliubeba begani safari nzima, sikuuweka chini hata uwanja wa ndege.

Basi. Afadhali asisali kuliko kuichezea sala. Uondoe mswala, uondoe na kadi. Ukifika wakati wa sala mshughulishe na jambo jingine. Mungu anajua kuwa hawezi tena, na sisi tukubali kuwa hawezi.

Kuja sitaweza kabla ya paa kuezekwa.

Mdogo wako.


2 Aprili

Mdogo wangu,

Hujambo? Barua yako ya mwisho haikuniuliza hali, mimi nakuuliza wewe. Ukikasirika unakuwa mfupi wa maneno tangu utotoni. Hujambo?

Nimefanya ulivyotaka kwa siku kumi na mbili, na sitafanya tena. Nakueleza kwa nini.

Siku ya kwanza nilipoondoa mswala, Mama alikwenda kusimama palepale ulipokuwa. Akatazama sakafu. Akaniuliza, "Wamehama?" Nikamwuliza, kina nani, Mama? Akasema, "Watu wangu." Nilidhani ni yale maneno yake ya siku hizi yasiyo na mwanzo wala mwisho. Nikampa maharage achambue. Kila wakati wa sala nikampa maharage; nyumba hii sasa haina jiwe hata moja ndani ya maharage yake. Akaanza kukataa chakula cha mchana. Akawa anakaa na mikono mapajani, ile mikono isiyojua kukaa bure.

Juzi nilikuwa nyumbani, zamu yangu haikuwepo. Mama Mkaa alikuja kutupasha habari za mtaa. Mama alikuwa mbele ya sinia la maharage. Ghafla akainua mikono, vumbi la maharage vidoleni, akafumba macho, akataja namba zake mpaka akafika hapa: "Kifua thelathini na nne, kiuno ishirini na saba, urefu arobaini na nane, mikono mirefu, kola nyeupe."

Mama Mkaa alicheka mpaka akashika mbavu. "Hee! Si gauni langu la kwaya hilo! Kiuno ishirini na saba, enzi hizo nilikuwa nacho! Alinishonea mwaka niliofiwa na mume, akakataa katakata nisiimbe na gauni la kuazima." Akacheka tena. Halafu kicheko kikakatika. Akamtazama Mama ambaye bado ameinua mikono. Akaniuliza polepole, "Yaani huyu ananitaja mimi kwa Mungu?"

Nikaenda kutoa daftari lake la vipimo, lile lenye jalada la turubai. Tukakaa, mimi na Mama Mkaa, Mama akitaja, sisi tukifunua kurasa. Mdogo wangu, zile namba ni watu. Zote. Kifua thelathini na nane, shingo kumi na tano: Baba, shati la harusi yao. Kiuno arobaini na nne: yule muuza nyama aliyempa Mama nyama bure mwaka ule Baba alipokuwa hana kazi. Kuna kigauni, kifua ishirini, urefu kumi na nane, na nilipouona ukurasa wake nilishindwa kusoma kwa sauti. Ni yule binti wa mwalimu aliyekufa kwa surua kabla nguo haijachukuliwa. Pembeni Mama ameandika kama alivyokuwa akiandika kwa nguo zote za watoto: *acha mbili za kukua.* Inchi mbili ndani ya pindo, mtoto akirefuka zifumuliwe. Na anapoomba anazitaja. Miaka thelathini mtoto yule yuko kaburini, Mama bado anamwachia mbili za kukua.

Majina yamemtoka. Maneno uliyojifunza chini ya meza yake yamemtoka. Watu hawajamtoka. Sisi tunamwendea Mungu na maneno, yeye anakwenda na watu wenyewe. Wewe umesoma, mimi napanga mikate kwenye trei, kwa hiyo niambie: kipi kati ya hivyo ndicho sala?

Nilimpa vile vipande viwili vya mswala. Akatia uzi kwenye cherehani mwenyewe, bila miwani, akaviunga. Mshono hauonekani mpaka uupapase kwa kidole. Mswala nimeurudisha mahali pake. Mchana ule alikula.

Kuna vipimo anavyoanza navyo kila mara, kabla ya mtu mwingine yeyote: "Kifua ishirini na nne, mabega kumi na moja, mkono kumi na sita, urefu thelathini na nane. Acha mbili za kukua." Ukurasa wake nimeukunja pembe. Daftari nakutumia pamoja na barua hii, litunze kuliko ulivyoutunza mswala. Funua mwenyewe.

Dada yako.


10 Mei

Mdogo wangu,

Salamu. Wiki tano bila jibu, nikasema labda daftari limepotea njiani. Leo narudi kutoka kazini namkuta Mama Mkaa mlangoni, ananiambia ulikuja, ukakaa tangu saa nne mpaka saa nane, ukaondoka macho mekundu, hata chai hukunywa.

Saa tisa mimi hufika nyumbani. Ulikosa saa moja ya kunisubiri? Sikulaumu, mdogo wangu, nauliza tu. Nilitamani kukuona.

Dada yako.


28 Mei

Dada yangu mpendwa,

Mgongo wako unaendeleaje? Naanza na huo kwa sababu nina deni la kukuuliza hali tangu Machi. Wifi yako anakusalimu, na amenigombeza kwa kuondoka bila kukuona. Ana haki. Sikuweza kukungoja kwa kuwa nilikuwa nalia na sikujua jinsi ya kuacha, na niliona haya. Hiyo ndiyo sababu yote.

Daftari lilifika salama. Nilifunua ukurasa uliokunjwa, nikaona jina langu, na chini yake: *kanzu ya kwanza, miaka saba.* Nikalifunga. Nikaliweka kwenye droo wiki tatu, kila siku nikipita mbali na ile droo kana kwamba imenitukana. Kisha nikapanda basi.

Mama Mkaa alinifungulia. Mama alinitazama kuanzia miguuni hadi kichwani, akavua futi shingoni. "Karibu, mteja. Simama wima, na usivute tumbo, nguo haidanganywi." Akanipima, dada. Mabega, kifua, mkono. Mikono yake haijasahau hata kidogo, ilinishika kidevu na kukiinua vilevile kama zamani ili apime shingo. Akaniuliza, "Una mama?" Nikamwambia ninaye. Akasema, "Mwambie kanzu hii inakubana. Aifumue mabegani."

Ikafika adhuhuri. Akasimama juu ya mswala wake wenye mshono. Mimi nikakaa nyuma yake, karibu na mlango. Mimi ambaye watu mia tatu wanapanga safu nyuma yangu, nilikaa chini kama nilivyokuwa nikikaa chini ya meza. Alianza maneno, yakamponyoka. Nilikuwa na neno linalofuata mdomoni, nikalimeza. Akainua mikono. Kifua ishirini na nne. Mabega kumi na moja.

Nina miaka arobaini na moja, nina ndevu. Kumbe kila siku mama yangu ananifikisha mbele ya Mungu nikiwa na miaka saba, na ananiachia mbili za kukua. Nilikuwa nyuma yake futi sita, hanijui mimi ni nani, na hakuna siku niliyowahi kuombewa kiasi kile.

Umeniuliza kipi ndicho sala. Nimefundisha watu miaka kumi na tano na sikuwa na jibu mpaka siku ile. Nitakuambia na jambo lingine. Nilijua tangu barua yako ya kwanza kwamba dini inamsamehe aliyepotewa na kumbukumbu. Wengine nimewaambia hivyo na kuwafariji. Kwa Mama sikuweza, kwa sababu niliogopa. Kila neno nililo nalo alinipa yeye. Nilipoona yanamtoka nilidhani hakuna kilichobaki kwake, na basi hata kwangu huenda hamna kitu. Nilikuwa nimeshika nguo, sikumtazama aliyeivaa.

Bado nasali kwa maneno yote na herufi zake zote, usinielewe vibaya. Nayapenda zaidi sasa. Lakini nilimwendea yule mzee muuza maji nikamwomba radhi kwa kumrudisha mwanzo siku ile. Akanitazama sana, akasema, "Kwa hiyo ile herufi sasa inaruhusiwa?" Nikamwambia, mzee wangu, aliyekusudiwa alikusikia mara ya kwanza. Akaniletea madumu mawili ya maji na akakataa malipo.

Sasa nina ombi. Nimefunua daftari lote, jalada hadi jalada, mara mbili. Mtaa mzima umo. Baba yumo, wewe umo kurasa nne, yule mbwa wa jirani aliyeshonewa koti yumo. Mama hayumo. Fundi hakuwahi kupimwa na mtu. Nikiinua mikono nataka kumfikisha kama anavyonifikisha mimi, na sina vipimo vyake.

Nipimie, dada.

Mdogo wako,
Kifungo.

(Andika hivyo hata juu ya bahasha.)


9 Juni

Mdogo wangu Kifungo,

Mgongo haujambo, asante, umefurahi kuulizwa. Yaliyopita tumeyafumua. Wasalimie wote, na safari ijayo usiondoke kabla ya saa tisa, nitakuja na mkate wa moto.

Jina lako lilimtoka Jumapili. Nilimtajia, akatikisa kichwa kwa upole. Usilie. Vipimo vyako ameanza navyo leo, kama kawaida.

Kazi uliyonituma nimeifanya asubuhi hii dirishani, Mama Mkaa akiandika. Mwanzo Mama hakutaka kutoa futi. Hajazoea kuwa upande ule. Kisha akasimama wima, akatulia, na hakuvuta tumbo.

Kifua, thelathini na mbili.
Kiuno, thelathini.
Mabega, kumi na tatu na nusu. La kushoto limeshuka kidogo, upande wa cherehani.
Shingo, kumi na mbili.
Mkono, ishirini na moja. Huu nilipima mara mbili, kwa kuwa mara ya kwanza alikuwa ameuinua.
Urefu, arobaini na saba. Zamani lazima ulikuwa zaidi.

Nilidhani tumemaliza, nikaanza kukunja futi. Akanishika kiganja. Tangu Jumapili alikuwa hajasema neno zaidi ya zile namba. Akasogea kutazama karatasi ya Mama Mkaa, akaipitia kwa kidole mstari kwa mstari kama anavyokagua kazi ya mwanagenzi, na akaona kuna kitu tumesahau.

"Acha mbili za kukua," akasema.

Dada yako.